Alama za Mtoto na Kazi Anayoiweza

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru

Matokeo ya Darasa la 12 yakitoka, Nchelenge nzima inauliza swali moja, kuanzia gatini hadi soko la samaki la Kashikishi: amepata pointi ngapi? Anayeijua hesabu hiyo anajua kwamba namba ndogo ndiyo nzuri. Baraza la Mitihani la Zambia, ECZ, humpa mwanafunzi 1 kwenye somo alilofaulu kwa kiwango cha juu kabisa na 9 kwenye somo aliloanguka. Yakijumlishwa masomo yake sita bora, mwenye pointi 6 hana wa kumpita. Mwenye pointi 30 na zaidi hukunja karatasi yake, na katika nyumba nyingi habari za shule huishia hapo. Ni nadra mtu kuuliza kijana huyo anaweza kufanya nini.

Sisi tunauliza, na tunataka mzazi aulize pamoja nasi.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wengi wa mwambao huu ndicho wanachoelewana nacho. Wapo wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Pweto na Kilwa, upande wa Kongo. Zipo familia zilizokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo mwaka 2017, na nyingi kati yao zinaishi Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya wilaya hii hii. Wazazi hao wana mzigo wa ziada. Watoto wao walianza shule kwa Kifaransa na walizoea asilimia, kwa kuwa kule Kongo mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari, Exetat, humtaka mwanafunzi afikishe 50 kwa mia. Hapa wanakuta Kibemba katika madarasa ya chini, Kiingereza kwenye mitihani, na pointi zinazohesabiwa kinyume na walivyozoea.

Msimamo wetu tunauweka mbele ili msomaji aupime anaposoma. Mtihani wa karatasi ubaki, ila usikae peke yake. Kazi ambayo mtoto anaiweza ipimwe kwa ukali uleule unaopimwa Hisabati, na iandikwe kwenye cheti chake.

Nguvu ya karatasi ilitoka wapi

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wapatao 100 tu, na watu kama 1,200 wenye cheti cha sekondari, nchi nzima. Wizara, migodi, hospitali na shule zote zilikuwa zinatafuta watu. Wanaume wa mkoa wetu wa Luapula walikuwa tayari na desturi ya kwenda kwenye migodi ya Copperbelt kutafuta mshahara, na cheti ndicho kilichomtenganisha anayeshuka chini ya ardhi na anayekaa ofisini. Mzazi aliyemwambia mwanawe "leta karatasi" alikuwa anasema kweli tupu kuhusu nchi yake.

Nafasi za shule nazo zilikuwa chache. Mtihani wa Darasa la 7, kisha wa la 9, kisha wa la 12, kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani aendelee na nani aachwe njiani. Mtihani wa namna hiyo hautungwi ili ueleze mtoto anaweza nini. Unatungwa ili uwapange watoto foleni.

Mwaka 2022 Serikali ilifuta ada katika shule zake hadi sekondari, ingawa malipo ya bweni yalibaki. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada walirudi, madarasa yakafurika. Lakini kazi za ofisini hazikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, na foleni ile ile iliendelea kupangwa kuelekea milango ambayo haipo.

Hata hivyo mtihani wa karatasi una heshima yake, na wanaoubeza hovyo wanatukosesha haki. Anayesahihisha karatasi ya ECZ anaona namba ya mtahiniwa. Hajui kama baba yake anavua Isokwe, anauza vitenge Kashikishi au ni ofisa wa wilaya. Hajui kama mama yake alivuka mpaka na kifurushi kichwani. Kwa mtoto asiye na mjomba mwenye cheo, hiyo ni kinga kubwa, na hatutakubali ivunjwe kwa jina la "vitendo".

Kufanyishwa kazi si kupimwa ujuzi

Wazee wana sababu ya kushtuka wakisikia maneno "elimu ya vitendo". Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, ikashauri Mwafrika afundishwe mambo ya kijijini kwake: kilimo, afya, kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na mazuri yake. Ila watoto wa Wazungu hawakupangiwa shule ya namna hiyo, na watu waliliona. Walielewa kwamba jembe lao lilikuwa linapewa jina la elimu ili kalamu ibaki kwa wengine.

Baada ya uhuru wazo lilirudi kwa nia nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere wa Tanzania alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba lake na msomi asimdharau mkulima. Mwaka 1975 Zambia nayo iliagiza shule ziwe na vitengo vya uzalishaji. Pale mwalimu alipokaa na wanafunzi akawauliza kwa nini mbegu hii imeota na ile imeoza, gharama ni kiasi gani na faida iko wapi, watoto walijifunza. Pale alipotoa majembe na kurudi ofisini, shamba liligeuka kibarua cha bure. Tanzania ilijaribu kuziba ufa huo: baada ya Azimio la Musoma la 1974, kazi na maendeleo ya mwanafunzi shuleni yakaanza kuhesabiwa katika matokeo ya mwisho.

Tunalikazia hili kwa sababu bado linatokea. Mtoto anayefagia uwanja, kubeba matofali au kumwagilia bustani ya shule hajapimwa ujuzi wowote. Ujuzi umepimwa pale tu mtoto alipoambiwa mapema atatazamwa kwa lipi, akafanya kazi nzima mbele ya anayejua, akaulizwa sababu za alichofanya, na akaelezwa wapi amekosea. Mzazi akiona mambo hayo manne hayapo, ana haki ya kusema kwamba mwanawe anatumikishwa.

Chisense ndani ya mtihani

Tuchukue kitu ambacho kila nyumba ya hapa inakijua. Chisense, samaki wadogo wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri. Alfajiri wanashushwa, kisha wanawake wanawanunua, wanawaanika, wanawauza, na magunia yanapakiwa kwenda Mansa, Copperbelt na ng'ambo ya mpaka. Wengine huwaanika mchangani, wengine kwenye chanja. Aliyeanika mchangani hutumia gharama ndogo, lakini samaki huja na mchanga, na mvua ikinyesha huoza upesi.

Sasa mwalimu awape wanafunzi wa sekondari ndoo mbili za chisense wabichi zenye uzito sawa, moja ianikwe mchangani na nyingine kwenye chanja. Wapime uzito kabla na baada ya kukausha na watafute asilimia ya maji yaliyopotea. Waandike bei ya ndoo sokoni siku hiyo, gharama ya kutengeneza chanja, na idadi ya ndoo zinazohitajika kabla chanja haijarudisha pesa yake. Waeleze kwa nini samaki aliyekauka vizuri haozi. Mwisho kila mmoja asimame na kumshawishi mnunuzi, na aandike ukurasa mmoja wa taarifa kwa Kiingereza.

Hapo kuna Hisabati, Biolojia, Biashara na lugha, na hakuna hata kimoja kilichopunguzwa uzito. Mwanafunzi aliyekariri tafsiri ya uvukizi bila kuielewa ataonekana mara moja. Aliyekuwa anakaa nyuma ya darasa kimya, lakini ameshinda kwenye chanja za mama yake tangu utotoni, naye ataonekana. Na akikwama kwenye asilimia, mwalimu atajua hasa amekwama wapi, jambo ambalo alama ya 7 au 8 kwenye karatasi haimwambii mtu.

Vivyo hivyo kufungwa kwa uvuvi. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane. Karatasi inaweza kumtaka mtoto ataje faida tatu za sheria hiyo, naye akazitaja huku haamini hata moja. Kazi ya vitendo ingemtaka aende kwa wazee awaulize habari za mpumbu. Samaki huyo alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, akavuliwa kwa wingi katika safari hiyo hiyo, na uvuvi wake ukaporomoka katikati ya karne iliyopita. Mwanafunzi angepima matundu ya nyavu za aina mbili, akaeleza kila wavu unamwacha samaki wa ukubwa gani, kisha akatetea msimamo wake mbele ya wavuvi. Kijana aliyepita hapo anaujua uhifadhi wa ziwa kuliko aliyejaza mstari kwenye karatasi.

Kwamba mtihani wa darasani na ujuzi wa sokoni vinaweza kupishana kabisa, hilo limepimwa kwingine. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1985, watoto waliouza bidhaa mitaani Recife, Brazil, walipata karibu hesabu zote walipoulizwa kama wateja wanavyouliza, yaani asilimia 98. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kama za shule, walipata asilimia 37. Mwaka 2025 utafiti mwingine wa India, uliofanywa Kolkata na Delhi, ulionyesha upande wa pili pia: watoto wa sokoni walishindwa hesabu za darasani, na watoto wa darasani walishindwa hesabu za sokoni. Kwa hiyo asijisifu mwenye karatasi wala mwenye meza ya biashara. Shule inayopima upande mmoja tu imemwona nusu ya mtoto.

Ujuzi wa kwanza ni kusoma

Kuna watu watakaosoma maneno yetu na kusema: vizuri, basi mwanangu asiyejua kusoma aende kujifunza kushona nyavu. Sivyo hata kidogo.

Katika upimaji wa kimataifa wa PISA kwa nchi zinazoendelea, uliofanywa Zambia na matokeo yake kutoka mwaka 2018, wanafunzi wa miaka 15 waliofikia kiwango cha chini kinachotakiwa katika kusoma walikuwa asilimia 5 tu. Katika Hisabati walikuwa karibu asilimia 2. Hao ni watoto waliokuwa shuleni, wakifanya majaribio ya muhula na kupewa ripoti kila mara. Alama zilikuwepo. Kilichopungua ni mtu wa kukaa na mtoto na kumwambia: nisomee hapa.

Fundi wa injini za mtumbwi husoma kitabu cha maelekezo, na anayechonga mashua hupima pembe. Mwenye chanja kumi huandika madeni. Fundi asiyejua kusoma huishia kuwa msaidizi wa fundi maisha yake yote, na tumewaona wengi ziwani. Wizara ilipoanzisha mpango wa Catch Up kwa watoto wa darasa la 3 hadi la 5, mwalimu alianza kwa kumpima kila mtoto ana kwa ana: anasoma herufi, neno, sentensi au hadithi? Kisha watoto wakafundishwa kwa makundi kulingana na wanachokiweza. Huo nao ni upimaji wa ujuzi, tena wa bei rahisi kuliko yote. Mzazi anaweza kuufanya jioni ya leo, hata kama yeye mwenyewe hajasoma. Ataona tu kama mtoto anasita au anatiririka, kisha amwambie asimulie alichosoma.

Majirani wamefanya nini

Kenya ilianza mtaala wa umilisi mwaka 2017, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ukafanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa anayekwenda sekondari ya juu hupangwa kwa asilimia 60 za mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 20 za kazi zilizopimwa na walimu wake, na asilimia 20 za upimaji wa Gredi ya 6. Uganda ilibadili mtaala wa sekondari ya chini mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024: kazi za shuleni asilimia 20, mtihani asilimia 80. Tanzania mwaka 2024 ilifungua mkondo wa amali katika sekondari, ambamo mwanafunzi anasomea fani huku akiendelea na masomo ya jumla.

Zambia yenyewe imekwisha kuanza. Mwaka 2014 ilifungua njia mbili za sekondari, ya taaluma na ya ufundi. Tangu Januari 2025 inaingiza kwa awamu mtaala mpya unaotokana na mfumo wa 2023, unaotaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya na alichojifunza, na sekondari sasa inaanza na Form 1.

Kati ya nchi hizo tunaona Uganda imechagua njia ya tahadhari inayofaa mwambao wetu kwa sasa. Sehemu moja kati ya tano ya alama inatosha kumfanya mwalimu na mwanafunzi waichukulie kazi kwa uzito, wala haitoshi kumzamisha mtoto ambaye shule yake haina vifaa au mwalimu wake hana uadilifu.

Panapoweza kuharibika

Vifaa kwanza. Mtaala wa 2014 ulipofanya masomo ya kompyuta kuwa ya lazima katika madarasa ya 8 na 9, shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Mtoto alifundishwa kipanya kwa kuchorewa ubaoni. Kumpima mtoto wa namna hiyo kwa vitendo ni dhuluma kuliko kumpima kwa karatasi, kwani anaadhibiwa kwa umaskini wa shule yake. Shule ipime kwa vitu ilivyo navyo na ambavyo kijiji kinavyo. Ziwa lipo, soko lipo, mafundi wapo.

Upendeleo ni wa pili, na huu ndio unaotuhofisha zaidi. Mwalimu anayetoa alama za kazi anamjua mtoto na anawajua wazazi wake. Dawa ni uwazi. Kazi ifanyike mahali watu wanapoona, fundi wa nje aitwe kutazama pamoja na mwalimu, vigezo vibandikwe ukutani kabla ya kazi kuanza, na kazi za watoto zihifadhiwe ili shule ya jirani iweze kuzikagua. Mzazi anayempelekea mwalimu samaki ili alama zipande anamwibia mtoto wa jirani yake, na mwalimu anayepokea ameshiriki wizi huo.

Tena wasichana wasigawiwe mapishi na wavulana injini. Wanawake wa Kashikishi ndio wanaobeba biashara ya chisense, na wanapoteza pesa kila mtumbwi wa kukodi unapoharibika na hakuna anayejua kuutengeneza. Binti apimwe kwenye injini. Kijana wa kiume apimwe kwenye ukaushaji na utunzaji wa hesabu.

Wala shule isiwapeleke kwenye ufundi wale tu walioanguka. Ikifanya hivyo, ufundi utakuwa adhabu, na wazazi watarudi kulekule kwenye hofu ya mwaka 1924.

Unachoweza kufanya mwaka huu

Januari na Februari ni miezi migumu hapa. Shule zinafunguliwa wakati ziwa limefungwa, na ndipo watoto wengi huanza kukosa masomo. Weka akiba ya sare na madaftari kabla ya Desemba. Hakuna upimaji, mzuri au mbaya, unaoweza kumsaidia mtoto asiyekuwepo darasani.

Kijana aliyemaliza Darasa la 12 kwa pointi mbaya, au aliyeacha shule na kujifunza kazi gereji au kwenye mitumbwi, hajafikia mwisho. TEVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya 1998, inasimamia majaribio ya fani na ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Chuo kimoja cha serikali kilicho katika mkoa wetu ni Mansa Trades Training Institute. Kwa anayependa uvuvi na ufugaji wa samaki kuna Kasaka Fisheries Training Institute, Kafue. Uliza fani, ada na masharti kabla ya kusafiri.

Pesa za mafunzo zinaweza kutoka kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, CDF. Mwaka 2022 mfuko huo ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu yake ni ufadhili wa mafunzo ya stadi na wa malipo ya bweni. Maombi hupitia kamati ya maendeleo ya kata. Nenda mwenyewe na kijana wako, usimtume mtu.

Mwenye vyeti vya Kongo asivitupe, hata vikiwa vimechakaa. Mamlaka ya Sifa za Elimu ya Zambia, ZAQA, ndiyo inayotathmini vyeti vya nje. Mtoto wa shule ya msingi aliyekimbia bila karatasi yoyote, mpeleke shuleni hivyo hivyo, na umwombe mwalimu mkuu ampime kusoma na hesabu katika lugha anayoielewa kabla ya kumpangia darasa. Kumrudisha mtoto wa miaka 12 Darasa la 1 kwa sababu tu hajui Kiingereza ni kumpima lugha na kusema umempima akili.

Na katika mkutano ujao wa wazazi, mwalimu anaposoma wastani wa darasa, inua mkono. Mwombe akuonyeshe kazi moja ambayo mwanao ameifanya mwenyewe muhula huu, na akueleze aliipima vipi. Ikiwa ipo, mpongeze mbele ya wote. Ikiwa haipo, ombeni wazazi wote kwa pamoja iwepo muhula ujao, na mjitolee chanja, wavu, fundi au ndoo ya chisense ya kuanzia.